Hilo Gari ni la Nani?

Mwezi huu nawaandikia kutoka Tosamaganga, nje kidogo ya Iringa mjini, na baridi ya Julai imenibana mpaka nimevaa soksi mbili mbili. Lakini yote tisa, kumi ni hili nililowaletea leo, na najua litawagusa wengi, hasa ninyi wenye mtu wenu majuu.

Ile picha mnaijua. Ndugu yako kasimama kando ya gari, mkono mmoja juu ya boneti, mwingine mfukoni. Kavaa miwani ya jua na chini theluji imejaa. Nyuma kuna ghorofa la vioo. Hajasema gari ni lake. Hajasema si lake. Katuma tu, na chini kaandika "maisha yanakwenda." Huku nyumbani picha inapita mkono hadi mkono, inafika kanisani, inafika kilabuni kwenye ulanzi, na ikirudi gari limeshakuwa lake, ghorofa ndiyo ofisi yake, na mjomba ameshaanza kuulizia bei ya bati.

Mimi naichukia picha hiyo. Siyo kwa wivu, jamani. Naichukia kwa sababu nimeona ilivyogombanisha watu wanaopendana, na moja ya hizo picha ipo ukutani kwa shangazi yangu hapa hapa Tosamaganga. (Wenyewe wameniruhusu niandike, mradi majina niyaweke kando.)

Sebule ya shangazi haina haja ya albamu, ukuta wenyewe ndiyo albamu. Kuna kalenda ya parokia, kuna picha ya harusi yake iliyopigwa studio mjini Iringa mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, kisha picha sita za kitinda mimba wake, ambaye mwaka wa saba huu yuko Torino, Italia.

Kwa watu wa Tosamaganga, Italia si nchi ya hadithini. Shirika la Wamisionari wa Consolata lilianzishwa Torino mwaka 1901 na Padre Giuseppe Allamano, yule aliyetangazwa mtakatifu Oktoba 2024. Mwaka 1902 walifika Kenya kwa Wakikuyu, na kamera zao walikwenda nazo. Mwaka 1919 wakaingia Tanganyika, wakapokea misheni hii iliyokuwa imeanzishwa na Wabenediktini kutoka Ujerumani. Hospitalini kwetu mpaka leo kusikia Kitaliano si ajabu, maana madaktari wa CUAMM kutoka Padova wamefanya kazi hapa kwa miaka mingi. Basi tangu enzi hizo za mapadre wa kwanza, picha za Waafrika zilikuwa zinasafiri kwenda Torino kuchapwa kwenye gazeti la shirika, ili waamini wa kule waone kazi inavyokwenda na kuendelea kutoa sadaka. Aliyechagua nani asimame wapi, na amevaa nini, ni mwenye kamera. Babu alisimama tu.

Sasa mambo yamegeuka. Picha zinatoka Torino kuja Tosamaganga, na anayechagua pozi ni mtoto wetu mwenyewe. Ndipo nikajiuliza: mtu akishapata uhuru wote huo, mbona anachagua kusimama na gari la jirani?

Maana gari lilikuwa la jirani. Binamu yangu anaishi na babu mmoja wa Kiitaliano mwenye zaidi ya miaka 80, ambaye miguu imegoma na akili inakuja na kuondoka. Anamwogesha, anampikia, anamgeuza kitandani usiku. Ndiyo kazi yake, na ndiyo kazi ya maelfu ya wageni kule Italia, wake kwa waume. Chumba anacholala kiko nyuma ya jiko la huyo babu. Hayo yote sisi hatukuyajua. Tulilijua gari.

Basi maombi yakaanza. Ada ya mtoto wa kaka, bati za mjomba, mchango wa kipaimara, pikipiki ya yule aliyesema atairejesha. Mwanzoni alituma. Kisha akatuma kidogo. Kisha akazima simu, mwaka mzima na ushee. Ukoo ukakaa na kutoa hukumu: kijana amepata, amesahau. Kuna waliosema ameoa mzungu.

Hapo aingie mchumba wake, dada fundi cherehani pale Kihesa mjini Iringa. Huyu dada ni kichwa. Siku moja alinionyesha ile picha ya gari kwenye simu yake, akaivuta ikawa kubwa, akaniambia: "Mimi wifi gari sikuliangalia. Tazama chini kwenye theluji." Nikatazama. Palikuwa na kivuli cha mtu aliyenyanyua mikono, ameshika simu, anapiga. "Na hicho kivuli kina nywele," akasema.

Wasomaji wangu, nimeandika habari za mapenzi miaka mingi na sikuwahi kulifikiria hilo. Kila picha ina mtu wa pili. Ukipendezwa na aliye mbele unamsahau aliye nyuma ya kamera, lakini mwenye kupenda hamsahau. Dada wa watu alikaa na kile kivuli miezi 14, analala nacho, anaamka nacho, na hakuuliza kwa sababu aliogopa jibu. (Baadaye ilijulikana kuwa ni Msenegali mwenzake, na zile nywele ni manyoya ya kofia ya koti. Lakini hilo lilikuja kujulikana baadaye sana.)

Kilichovunja ukimya ni picha nyingine. Ilimfikia shangazi usiku, bila maneno yoyote. Binamu amevaa aproni ya plastiki, amekaa ukingoni mwa kitanda, anamlisha babu polenta kwa kijiko. Polenta ni mahindi yale yale, ugali mlaini tu. Ukuta umepasuka rangi, dirishani kuna soksi zinakauka, na babu anatazama kijiko kama mtoto mchanga. Wote wawili wamechoka. Sijawahi kuona picha ya mtu wangu iliyonieleza mengi kama ile.

Nikamwambia shangazi tuikuze, tuitie fremu, tuiweke ukutani badala ya gari. Hapo ndipo nilipokutana na ukuta wa kweli.

"Mwanangu," akasema, "huyu nimemsomesha kwa kuuza nyanya. Leo aje kila mgeni aingie humu amkute ananing'inia ukutani anamlisha mzungu uji? Wewe mwenye magazeti yako unaona uzuri. Mimi naona watakavyocheka wakitoka nje."

Nilitaka kubisha, nikanyamaza, kwa kuwa shangazi hakusema uongo. Wangecheka. Nawajua, ni ndugu zangu pia.

Lile swali likanifanya nianze kuwatafuta waliotutangulia. Watu weusi wanaoishi nchi za watu hawakuanza jana kutuma picha nyumbani, na katika kutafuta nimekuta mengine ya kuchekesha na mengine ya kuliza.

Kusini mwa London, barabara ya Landor, jirani na Brixton, palikuwa na studio ya mzungu mmoja aitwaye Harry Jacobs. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa miaka kama 40, aliwapiga picha Wajamaika na wenzao wa visiwa vya Karibea, pamoja na Waafrika, wale waliokwenda kuendesha mabasi na kuuguza wagonjwa Uingereza. Pazia lake lilichorwa mandhari ya nchi za joto. Unatoka Jamaika kwenye minazi, unafika London kwenye ukungu, unapigwa picha mbele ya minazi ya rangi ili mama akuone! Nesi alikuja na sare yake. Mwingine alishika mkono wa simu ya mezani kama vile anaongea na waziri. Picha zikatiwa kwenye bahasha, zikaenda nyumbani.

Sasa niulizeni: hao nao hawakuwa wanadanganya? Mimi naona hapana, au si kwa namna ile ile. Pazia la studio halimdanganyi mtu. Mama yangu ana picha ya ujana wake amesimama mbele ya ndege iliyochorwa, na hakuna hata siku moja aliyemuuliza alisafiri lini, wala kumwomba nauli. Kila mtu anajua kwamba studio ni mahali pa kujionyesha vile unavyotaka uonekane. Ubaya wa gari la binamu ni kwamba ni gari la kweli, lina namba, limeegeshwa barabarani, na linanyamaza.

Kujipamba siwezi kukulaumu nako. Kule Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York, alikuwepo James Van Der Zee, aliyefungua studio yake miaka ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1932, Marekani ikiwa katikati ya njaa ya uchumi, aliwapiga picha bwana na bibi wamevaa makoti ya manyoya pamoja na gari la Cadillac linalong'aa. Ndiyo, gari! Nadhani babu wa picha zote za magari ni ile. Lakini itazame na miaka yenyewe. Magazeti ya wazungu wakati huo yalimchora mtu mweusi kama kichekesho, na Van Der Zee akajibu kwa makoti yaliyopigwa pasi, maua na viatu vinavyometa. Watu wake walikuwa wanawajibu waliowadharau. Sisi binamu yetu alikuwa anamjibu nani? Alikuwa anatujibu sisi, wanyalukolo wenzake, tulioanza kumuuliza "umepata nini" kabla ya kumuuliza "umelala wapi."

Hapo hapo Harlem, baada ya Van Der Zee, akatokea Roy DeCarava, ambaye kamera yake iliingia jikoni. Mwaka 1952 alikuwa mpiga picha mweusi wa kwanza kupewa ruzuku ya Guggenheim, na mwaka 1955 yeye na mshairi Langston Hughes wakatoa kitabu kidogo cha mfukoni, The Sweet Flypaper of Life, ambamo bibi mmoja wa kubuni anasimulia ukoo wake huku picha zikipita. Baba anacheza na wanawe. Mtu anatoka kazini. Watu wamekaa mezani. Ukikifunga unahisi umetoka kutembelea watu.

Mwingine aliyeninyima usingizi ni Mghana James Barnor. Accra aliacha studio yake, Ever Young, akafika Uingereza mwaka 1959. Akawa anapiga picha za wasichana weusi wa London kwa ajili ya jalada la gazeti la Drum, ambalo na sisi huku tulikuwa na toleo letu la Afrika Mashariki. Mitindo ya nywele, magauni mafupi, njiwa wa Trafalgar Square. Mwaka 1967 alimpiga mtangazaji Mike Eghan pale Piccadilly Circus, kanyoosha mikono kama jiji lote ni lake. Ni picha za raha, na zilikuwa za kweli, watu hao waliishi hivyo. Kisha Barnor akarudi Ghana kuanzisha usafishaji wa picha za rangi, na mwaka 1994 akahamia tena London. Safari hii mkono wake ukawa mtupu, akafanya kazi ya usafi uwanja wa ndege wa Heathrow. Mwaka 2021, akiwa amepita miaka 90, jumba la Serpentine likamfanyia maonyesho makubwa. Picha zake za wasichana wa Drum nimeziona nyingi. Ya Barnor mwenyewe na fagio lake Heathrow sijaiona hata moja, na ningeitoa mbele ya zote.

Halafu kuna misiba, na hapa wenye mtu ughaibuni mtanielewa haraka. Charlie Phillips alizaliwa Jamaika mwaka 1944, akakulia Notting Hill huko London, akajifunza kwa kamera ya Kodak aliyoipata kwa mwanajeshi mweusi wa Kimarekani. Picha alizisafishia bafuni kwao usiku wazazi wakishalala. Kwa miaka kama 50 alipiga picha za mazishi ya Wakaribea wa London, na mwaka 2014 zikaonyeshwa na kutolewa kitabu. Wasioelewa walimshangaa, msibani na kamera? Mimi nimekulia Uhehe ambako mazishi hukusanya kijiji kizima, na najua kilio cha mama ambaye mwanawe amefia mbali, nauli ya maiti haikupatikana, akazikwa huko huko. Mama wa namna hiyo ataishi na nini kama hakuna aliyepiga picha ya kaburi na ya waliosimama kando yake? Atataka kuhesabu watu. Atataka kuona kama mwanawe alikuwa na watu.

Na wapo wa kwetu ambao hata hiyo bahasha hawana. Pale Cape Town, Afrika Kusini, vijana wa Kitanzania wamekuwa wakiishi chini ya madaraja karibu na bandari wakisubiri nafasi ya kuzamia meli. Mpiga picha David Southwood alikaa nao kwa miaka, na mwandishi Sean Christie akaandika kitabu juu yao mwaka 2016. Michoro mwilini, maandishi kwenye kuta za zege, nguo zimeanikwa kwenye uzio. Ukizitazama unaona watani na marafiki, wanapika, wanacheka. Ni picha ambazo mama wa Temeke hatumiwi. Anatumiwa ya ufukweni.

Ndiyo maana nawaambia ninyi mlioko huko, mnaobeba boksi, mnaoosha vyombo, mnaoogesha wazee wa watu: pigeni za suti na za gari kama mnataka, siwazuii, lakini tieni na jiko. Tieni kitanda mnacholala. Tieni mkono wa mwenzako anayekupiga picha, na useme ni nani! Na hizi simu zetu zinakufa na kila kitu, kwa hiyo anayepokea huku azichapishe mbili tatu kwa mwaka, na nyuma aandike kwa kalamu jina, mji na tarehe. Zile za Torino za mwaka 1902 zimedumu kwa sababu padre alizitunza kwenye makasha. Wewe yako inakaa saa 24 kwenye status na kwaheri.

Tulioko nyumbani tuna kazi ngumu zaidi, na nasema bila kupaka mafuta. Kijana akituma picha ya gari tunamdai. Akituma ya aproni tunamcheka. Mnataka atume ya nini? Jaribuni hivi: picha ya jikoni ikifika, msiombe kitu wiki nzima. Ulizeni chakula kilikuwaje. Ulizeni huyo babu anaitwa nani. Mtashangaa mtu atakavyofunguka.

Shangazi na mimi hatukuafikiana, na sikumlazimisha. Gari bado lipo ukutani. Ile ya polenta ameibandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo, upande ambao mgeni hauoni, na kila asubuhi akitoa kikombe anasimama hapo kidogo. Nimemkuta mara mbili. Mara ya pili alikuwa anamuulizia babu wa Kiitaliano hali yake, kwa Kihehe.

Dada wa Kihesa yeye alipoonyeshwa picha hiyo alilia, kisha akafuta machozi, akapiga simu usiku ule ule na kuuliza swali la miezi 14. Msenegali mwenyewe akaitwa aje kuvaa koti mbele ya kamera. Sasa kila Jumapili inakuja picha moja, isiyopangwa: sufuria, kituo cha basi, chumba kikiwa hakijatandikwa. Na dada bado anazivuta zikawa kubwa, msidhani ameacha. Juzi alikuwa anakagua viatu mlangoni. Jozi tatu, zote za kiume, na moja amesema imechakaa kisigino, atamnunulia nyingine Miyomboni soko likishushwa bei.

Mwezi ujao tutazungumzia wakwe wanaokuja "kusalimia" wakakaa miezi mitatu. Kaeni mkao wa kula.